Siku ya Familia

Ijumaa ilikuwa siku ya familia. Mwanamume asiye na mke wala mtoto pembeni haingii kwenye jengo letu la maduka hapa Doha, na kazi yangu mlangoni ilikuwa kumwambia hivyo kwa adabu. Wahindi, Wanepali, Wakenya, wote niliwarudisha. Wenye suti zao kutoka West Bay, mtaa wa maofisi, hawakuulizwa kitu, lakini hayo si ya soja wa mlangoni kuhoji. Mwaka wa kwanza niliwaonea huruma. Kufikia 2012 mdomo ulikuwa ukisema wenyewe.

Kwa hiyo Cornelius alipofika mchana ule, amepiga pasi shati lake la kanisani, nilimwambia, "Samahani, leo ni familia tu."

"Mama Trevor," akasema, "ni mimi."

Cornelius ni mume wangu. Yeye alijenga barabara za Doha, mimi nikasimama mlangoni, na mahali pa kukutana hatukuwa napo. Kambi yao haikupokea wanawake, hosteli yetu ya Muaither haikupokea wanaume. Sasa kampuni yao ilikuwa imemaliza kazi na ndege yake ilikuwa jioni ileile. Alikuja kuchukua jibu moja tu: nitarudi nyumbani lini.

Utasema ningetamka tu kwamba ni wangu. Haya, jaribu wewe. Ajenti wa Nairobi alituagiza sote tuseme hatujaolewa, na harusi yetu ilikuwa ya wazee, haina cheti. Soja haruhusiwi kutoka nje akiwa zamu. Juu yangu kulikuwa na kamera, na nyuma ya kamera Oloo, msimamizi wangu, Mkenya mwenzangu, mkali kama pilipili.

Hapo ndipo akatokea Nafula. Nafula ni nesi, na kila Ijumaa, maana huko ibada ni Ijumaa, akitoka kanisani Mesaimeer alikuwa na mchezo wake wa kuwaingiza wanaume wa nyumbani kama waume zake. Tulimjua sote, tukanyamaza.

"Wee kaka, utakauka hapo kama omena!" akamwambia Cornelius. "Kuja. Leo wewe ni mzee wangu."

Akamshika mkono. Nikawafungulia mlango.

Mapumziko yangu yalipofika niliwakuta ghorofani, kwenye duka kubwa, upande wa fanicha. Wenye duka walikuwa wamepanga sebule nzima ya maonyesho pale, na televisheni ya kadibodi. Nilimnong'oneza Nafula kwamba huyu ni mume wangu. Akaziba mdomo. "Woi! Pole, dada. Si ungesema?" Alitaka kutupisha, lakini yeye akiondoka, Cornelius angetolewa, kwa hiyo akajifanya anachagua mapazia.

"Keti," Cornelius akaniambia kutoka kwenye sofa.

Soja haketi. Nilisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Basi sema."

"Nimeweka sahihi. Miaka mingine miwili."

"Uliweka lini?"

"Mwezi uliopita."

Akaitazama ile televisheni ya kadibodi. "Na hukuniambia. Nikifika nimwambie Trevor nini?"

Nilijua kwamba mke mwingine angelia pale, na nikangoja machozi yaje. Hayakuja. Nilichokuwa nikisikia ni viatu tu, vinanibana. Niliogopa sana, maana nilikuwa nampenda yule mtu na sikuweza kuliona pendo lenyewe liko wapi.

Muuzaji wa fanicha, dada wa Kifilipino, akaja. Aliangalia buti za Cornelius juu ya zulia, kisha akanigeukia mimi, soja, akauliza kwa Kiingereza kama huyu bwana yuko peke yake.

"Hapana," nikamjibu. "Mke wake ni yule pale." Nikamwonyesha Nafula.

Muuzaji akatabasamu, akaenda zake. Cornelius akainuka polepole. Akaunyoosha mto aliokuwa ameuegemea.

"Sasa najua la kumwambia Trevor," akasema.

Akamfuata Nafula kwenye mapazia. "Dada, nisindikize nje."

Walipopita nilirudi nyuma hatua moja, kama tulivyofundishwa kuwapisha wateja.