Kimto cha Pini

Siku ya nne dari ilinyamaza.

Siku tatu kabla ya hapo ilikuwa na kucha. Ilianza kama mchele unaochezwa kwenye ungo, mbali, juu ya kitanda cha shangazi. Kisha ikawa kama watu wengi wanaopapasa ukuta kutafuta swichi. Shangazi alikuwa amelala chali, jicho la kulia limekazia mbao za dari, la kushoto likitazama popote lilipoangukia. Kiharusi kilikuwa kimempinda mdomo, lakini maneno yalitoka mazima, kwa upande mmoja.

"Wapangaji wangu leo wana nini?" aliuliza siku ya pili, mimi nikimpulizia supu.

"Wanahama, shangazi."

"Wanahama na makabati?"

Nilicheka. Nikaendelea kupuliza supu.

Siku ya nne alisikiliza dari, kijiko kikiwa bado kinywani. Alisikiliza muda mrefu, kama mtu anayesubiri cherehani ya jirani ianze tena. "Basi wamehama," alisema. Wala halikuwa swali. Nilimfuta kidevu.

Alikuwa dada wa baba yangu, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna mteja aliyeondoka na nguo yake kabla hajaigeuza. "Pindua kwanza," angesema, ameweka kiganja juu ya nguo. "Uone ndani, ndiyo uende." Watu walikuwa na haraka zao, wengine waliguna, lakini walipindua. Ndani ya nguo za shangazi hakukuwa na uzi uliokimbia.

Popo waliishi kati ya mabati na dari ya chumba chake tangu kabla yangu. Walikuwa wadogo, hawajai ngumi. Waliingilia kwenye tundu moja chini ya upenu, upana wa kiganja, na kila magharibi walitoka mmoja mmoja kama watu wenye adabu. Shangazi alijivunia. "Hawapigi redio, hawaombi chumvi," aliwaambia wageni. "Nionyesheni mpangaji kama huyo."

Na alikuwa na sharti. Ukitaka kuziba tundu, subiri jua lizame, wahesabu wakitoka, wa mwisho akishatoka ndipo upande na sementi. Nililisikia sharti hilo nikiwa mtoto. Nililikuta tena chuoni, nikaliandika daftarini kwa mwandiko mzuri na kulipigia mstari. Nilisomea afya ya mazingira. Stashahada yangu shangazi aliitundika juu ya cherehani, mahali ambapo mteja akija kupimwa hana pa kutazama ila hapo.

Miezi miwili baada ya mimi kuajiriwa, kiharusi kilimkuta ameketi kwenye cherehani. Mguu wa kulia uliendelea kukanyaga peke yake, ndivyo alivyoniambia, mpaka uzi ukaisha.

Wenzangu wa kazini walikuja kumpa pole. Mkuu wa ofisi yetu alisikia vilio vidogo vya juu, akaona michirizi ya kahawia ukutani, akaniangalia. "Bibi Afya," alisema, "wewe na popo nyumba moja? Wenzetu tutawakagua kwa macho gani?" Ilikuwa mzaha. Watu walicheka, nami nikacheka kuliko wote, uso ukiniwaka.

Jumamosi iliyofuata, saa sita mchana, shangazi akiwa amesinzia, niliazima ngazi ya jirani.

Sitasema sikujua. Nilijua. Ila magharibi ingenibidi nikae juu ya ngazi popo wakitoka mbele ya uso wangu, na hao nilikuwa nikiwaogopa tangu utotoni, hofu ambayo mwenye stashahada haisemi. Mchana walikuwa wamelala. Nilipofika juu niliweka kiganja kwenye tundu nipime upana. Kiganja kilipata joto, la kupanda na kushuka, kama mtu anayepumua nyuma ya pazia. Mmoja alilia, sauti nyembamba kama kalamu kwenye kioo. Nilichota sementi kwa mwiko, nikashindilia. Kazi ya dakika ishirini. Nikapaka na chokaa juu, na kwa nje ukuta ukapendeza.

Baada ya ukimya ikaja harufu, nikaifunika kwa dawa ya sakafu. Baada ya harufu, madoa.

Yalianza kwenye mkono wake wa kushoto, ule uliokufa ganzi: vidoa vyekundu, vitatu au vinne kwa mstari, kila kimoja na kitovu cheusi. Kisha begani, shingoni, nyuma ya goti. Upande wa kulia aliyahisi na kuyakuna. Wa kushoto niliyaona mimi tu, nikimwogesha.

"Kuna vitu vinashuka," alisema.

"Ni mishipa, shangazi. Daktari alisema mtu aliyepatwa na kiharusi huhisi vitu vikimtembea."

"Mishipa inatembea na miguu minane?" Akafikiri kidogo. "Tena wana akili. Wanapenda huku kusiko na mlinzi."

Daktari alikuwa amesema hivyo kweli. Nilimng'ang'ania daktari huyo kama ukuta wa bafu lenye utelezi.

Kisha asubuhi moja, nikikunja chandarua, nilimwona. Alikuwa ndani ya pindo, bapa, rangi ya ngozi ya kiatu cha zamani, mwili umekunjamana pembeni kama mfuko mtupu. Papasi, jamii ya kupe. Mtihani wa wadudu nilipata themanini na saba, na swali la papasi wa popo nililijibu kurasa mbili. Wachanga wao huishi wameng'ang'ania ngozi ya popo, kwapani na kwenye kunjo za mabawa, wiki kwa wiki, wakisafiri naye angani. Wakubwa hukaa kwenye nyufa na kumfuata akiwa amelala. Wanaweza kukaa bila kula miaka na wasife. Na popo akipoa, huanza kutafuta joto jingine.

Nilimbana kwa ukucha wa kidole gumba kwenye fremu ya kitanda. Damu iliyotoka niliijua ni ya nani.

Nilipulizia dawa chumbani, kwa siri, mara mbili. Haikutosha, kwa kuwa walikuwa juu ya mbao, na mbao sikuzigusa. Kufumua dari kungekuwa kufumua yote: sementi, ngazi, saa sita mchana.

Baba mkubwa alikuja siku ya Alhamisi alasiri. Ndiye mkubwa wao, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kuzungumza kama anaandika ubaoni. Tulikaa sebuleni, pembeni ya cherehani iliyofunikwa kitambaa. Shangazi nilikuwa nimemketisha kwenye kiti chenye mikono, na kwenye paja, chini ya kiganja chake cha kulia, palikuwa na kimto chake cha pini, kile chekundu, cha ukubwa wa chungwa lililokaliwa. Tangu augue hakukiachia. Nilidhani anafanyisha vidole mazoezi.

"Dada anasema ana wadudu," baba mkubwa alianza. "Daktari anasema ni kichwa. Mimi sitaki kumwonea mtu. Kama ni wadudu, kesho naleta fundi, dari inafumuliwa, na dada anabaki kwake. Hii ni nyumba yake, ameijenga kwa sindano. Lakini kama ni kichwa, haiwezekani ashinde hapa peke yake wewe ukiwa kazini. Namchukua." Akanigeukia. "Bibi Afya. Wewe ndiye umesomea. Kuna wadudu au hakuna?"

Stashahada ilikuwa ukutani nyuma ya kichwa chake. Nililisoma jina langu lote, herufi kwa herufi.

"Nimekagua mwenyewe," nilisema. "Hakuna kitu."

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo. Ilichukua muda kufika ilikokuwa ikienda.

"Na wewe, dada, unasemaje?"

Shangazi alinitazama kwa lile jicho moja lililokuwa bado lake. Vidole vyake vililegea juu ya kimto, vikaanza kukiinua upande mmoja, kidogo, kama mtu anayechungulia chini ya mfuniko wa sufuria. Nilifikiri kinamponyoka. Kisha akakirudisha, na kiganja kikakifunika chote.

"Msomi ameshasema," alijibu. "Mimi niongeze nini?" Na nusu ya mdomo wake ikatabasamu.

Aliondoka Jumapili asubuhi. Nilimkunjia nguo, nikamfungia viatu asivyovihitaji. Alipokwisha kuketi ndani ya gari aliniita kwa kidole dirishani.

"Ukihamia kitandani kwangu," alisema, "usilaze kichwa upande wa mlango. Laza dirishani."

"Kwa nini, shangazi?"

"Kuna upepo."

Dirisha la chumba kile lilikuwa limekwama tangu nikiwa darasa la tatu. Juu ya mlango, kwenye kona, mbao za dari ziliachana kiasi cha unene wa sarafu.

Wiki tatu baadaye baba mkubwa alipiga simu, amefurahi. "Ulisema kweli, mwanangu. Mabadiliko ya hewa. Hajikuni tena, wala hawataji wadudu. Kichwa kimetulia."

Jumamosi ile nilifumua dari, peke yangu, mlango nimeufunga kwa ndani.

Popo walikuwa ishirini na sita. Hawakuwa wametawanyika kama nilivyotegemea. Walikuwa wote kwenye tundu, upande wa ndani wa sementi yangu, mmoja juu ya mwingine, wakavu, wepesi, kama glovu za watoto zilizosahauliwa kwenye rafu. Wawili wa chini kabisa walikuwa wadogo kuliko wengine, wameshika matumbo ya mama zao. Kwenye sementi yenyewe, ambayo iliwahi kuwa mbichi, palikuwa na michoro. Mistari midogo, mingi, ya kwenda na kurudi. Kwa nje ukuta ule ulikuwa bado unapendeza.

Papasi walikuwa kwenye kila ufa, bapa kama karatasi, wakisubiri. Niliua siku mbili. Nilikwangua, nikamwaga maji ya moto, nikaziba nyufa, nikapaka rangi upya. Jumatatu chumba kilikuwa safi kweli, safi kwa ukaguzi wowote.

Kilichobaki ni kumrudisha mwenyewe. Nilishika simu. Baba mkubwa angeuliza swali moja tu: kimebadilika nini? Niliiweka chini, nikajiambia kesho. Kesho yake nikajiambia mwisho wa mwezi. Nilikwenda kumwona mara mbili. Nilimpelekea sabuni na poda, nikamsimulia habari za kazini, nikajitia hamnazo. Ngozi yake ilikuwa imepona, laini pande zote mbili. Mara ya pili aliniuliza kama cherehani naitia mafuta. Nikasema naitia. Hilo lilikuwa kweli, na nilishangaa jinsi kweli ilivyokuwa nyepesi kutamka.

Mwezi wa tano alilala mchana, hakuamka.

Vitu vyake vilirudi ndani ya mfuko mmoja: shuka mbili, miwani, tepu ya kupimia, mkasi, kimto. Nilivipanga juu ya cherehani, kimoja kimoja, pale alipokuwa akiviweka. Kimto kilikuwa na pini juu kama siku zote. Nilipokishika, kitu kilinichoma kiganja kwa chini, mahali ambapo hapapaswi kuwa na pini.

Nilikipindua.

Walikuwa papasi kumi na mmoja. Kila mmoja amepigiliwa pini moja katikati ya mgongo, kwa mstari, nafasi sawasawa kama vifungo vya shati. Wa kwanza walikaa mshazari; mkono ulikuwa bado unajifunza kukamata na kuchoma bila mwenzake. Kufikia wa tano mstari ulikuwa umenyooka. Wa kumi na mmoja alikuwa na damu ndani hata sasa, imekauka, nyeusi.

Alikuwa nao siku ile ya Alhamisi. Walikuwa chini ya kiganja chake, mimi nikisema nimekagua mwenyewe. Alikuwa amekusanya ushahidi, ameupanga, ameuleta kikaoni, na kazi iliyobaki ilikuwa kugeuza mkono.

Nina miaka minne sasa kwenye kazi hii. Watu wakinililia dari zao napanda ngazi, naweka kiganja kwenye tundu, na pakiwa na joto nashuka, nawaambia tusubiri magharibi. Wananiona mwoga. Huwa tunakaa uani kwenye viti vya plastiki na nahesabu kwa sauti.

Kimto kiko mezani kwangu ofisini. Juzi mkuu alikuja na karatasi zake mbili, kibanio hana. "Bibi Afya, nigawie pini moja," alisema, na mkono wake ukawa tayari umekifikia, umekinyanyua upande mmoja.

Nilikifunika kwa kiganja kabla sijajua ninachofanya.