Pedi Iliyotiwa Dawa

Salvatory alitaka kumrudisha mke wake nyumbani, na kilichomzuia ni kidude cha plastiki kinachoenea viganjani. Ukitaka kucheka, cheka. Bariadi nzima ilishacheka kabla yako.

Alikuwa fundi mitambo kwenye kinu cha pamba cha ushirika kwa miaka tisa. Kisha soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao na mizani yao, pamba ikawafuata, na kinu kikabaki makazi ya popo. Watu wakapunguzwa. Baba mkwe wake, mzee Mayunga wa Ipililo, alikuja na mkokoteni wa ng'ombe akamchukua binti yake Jenifer pamoja na mjukuu. Alisema mkwe akipata kazi aje awachukue, hatapewa masharti mengine. Mayunga alikuwa mtu wa neno moja, kwa hiyo Salvatory alijua mlango bado uko wazi.

Mwaka ule wa tisini na sita maduka yalikuwa yamejaa vitu ambavyo zamani ungevisikia tu kwa mabaharia. Domitila, mjane aliyekuwa akiuza vitenge na redio, alileta kutoka Dar mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni, akaiweka katika banda la mabati karibu na stendi, akawasha jenereta. Wanaume wasio na kazi wakajazana humo tangu asubuhi. Salvatory, ambaye mikono yake ilikuwa imekosa cha kutengeneza, akagundua kwamba katika gemu la mpira hakuna wa kumfunga. Aliyeweza angalau kumtoa jasho alikuwa Selestini, mwenzake wa kinuni, tena msimamizi wake wa ndoa.

Domitila alipoamua kufungua banda la pili Maswa, alihitaji msimamizi, na alijua wateja humfuata anayejua kucheza. Akawaambia wawili hao wapambane mechi moja Jumamosi ya mnada. Atakayeshinda atakwenda Maswa kwa mshahara wa kila mwezi. Tatizo lilikuwa pedi, vile vidude vya kushika mkononi vyenye vibonyezo. Za banda zilikuwa zimechoka kwa kugongwagongwa, moja haiendi kushoto, nyingine haipigi shuti mpaka uing'ate. Ili asisikie visingizio, Domitila akaagiza kila mchezaji aje na pedi yake.

Salvatory akazunguka mji mzima. Zile mpya za madukani zilikuwa nyepesi kama maganda ya karanga, na kila aliyezinunua alisema hazimalizi wiki. Wenye maduka walichoka kumwona akibonyeza bila kununua, wakaanza kumfukuza. Mwisho akaangukia kwa Thomasi, fundi redio wa nyuma ya stendi, mwenye katoni ya pedi kuukuu. Akazichambua moja moja kama mtu anayechagua dume la kulimia, akibonyeza na kusikiliza, mpaka akapata moja ya kijivu, nzito, waya wake umeungwa, ambayo vibonyezo vyake viliinuka mara tu kidole kilipoondoka. Thomasi hakutaka fedha, alitaka seti ya spana ambayo Salvatory aliondoka nayo kinuni. Salvatory alimpa, na ilimuuma.

Thomasi aliifungua pedi mbele yake, akaifuta kwa spiriti, akamwonyesha vipira vyenye madoa meusi na kibao cha kijani chini yake. "Humu ndani pasiingie kitu," alimwambia. "Hata jasho. Ukavu ndiyo uhai wake."

Kwa siku tatu Salvatory alicheza nayo na hakuna aliyesalimika. Selestini mwenyewe alikula nne kwa moja. Hapo ndipo hadithi hii ingeishia kama binadamu wangekuwa na akili.

Kikulacho ki nguoni mwako. Jioni ya siku ya tatu Selestini alimtembelea na karanga za kukaanga, akazungumza habari za mvua na za watoto, halafu akiwa anaaga akasema, kama jambo dogo tu, kwamba yeye pedi yake ameshaipeleka kwa wazee wa babu yake ikafanyiwa kazi.

Msukuma hahitaji kuelezwa zaidi. Baada ya mavuno vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, pande mbili zinacheza saa ile ile, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna kiongozi wa ngoma anayeingia pale bila dawa. Babu yake Selestini alikuwa Mgalu mwenye jina, na guku wake Salvatory, yaani babu yake, aliongoza ngoma za Bagika mpaka anakufa. Salvatory alikuwa Mkatoliki wa kipaimara, lakini usiku ule hakulala. Aliogopa. Alijiona akiingia mkavu mbele ya Mgalu aliyekamilika, na akamwona Jenifer akizeekea Ipililo.

Alfajiri alipanda baiskeli kwenda Bukundi kwa mzee Kija, mfumu, yaani mganga, aliyekuwa akizitia dawa ngoma za guku wake. Kija hakuwahi kuona pedi. Aliigeuzageuza, akauliza swali moja tu: moyo wake uko wapi? Na Salvatory, fundi wa miaka tisa, akafungua skrubu kwa mkono wake mwenyewe na kumwonyesha kibao cha kijani. Kija akakipaka mafuta ya kondoo yaliyochanganywa na unga wa mkaa, akapaka na vipira vyote, bila kusahau hata kimoja. Salvatory akafunga, akashukuru kwa kusema wabeja, akarudi.

Jumamosi banda lilifurika, na wengine walichungulia kupitia matundu ya misumari. Mzee Mayunga alikuwemo. Alikuwa ameleta madume mnadani, akasema acha amwone mkwe wake akipata kazi kwa macho yake mwenyewe. Salvatory akachomeka pedi, akaiweka juu ya goti. Kabla hajaigusa, mchezaji wake kwenye kioo akaanza kukimbia peke yake kuelekea kulia. Fundi yeyote angechomoa hapo hapo. Salvatory alisisimka mwili mzima akamshukuru guku wake kimoyomoyo.

Goli la Selestini lilikuwa upande wa kulia. Watu wa Salvatory walikimbilia huko huko bila kuchoka, naye kazi yake ikawa kupiga mashuti tu. Moja, mbili, tatu. Watu waliona kabisa kwamba kidole chake hakigusi kibonyezo na mtu anakwenda, wakanong'onezana, wakaanza kumwimba. Mayunga akagonga fimbo sakafuni kwa furaha.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli.

Watu wa Salvatory waliendelea kwenda kulia. Kila walipoupata mpira waliukokota mpaka golini kwao wenyewe na kuutumbukiza. Alibonyeza kushoto mpaka kucha ikavuja damu. Selestini baada ya bao la pili aliweka pedi chini akakunja mikono, akatazama. Iliisha tano kwa tatu, na mabao yote manane alikuwa ameyafunga Salvatory. Banda lilicheka mpaka jenereta halikusikika.

Thomasi aliifungua ile pedi pale pale, akanusa, akawaeleza watu kwamba mkaa unapitisha umeme, ndiyo maana kulia kulikuwa kumeshikana. Salvatory akaomba pedi ya Selestini ifunguliwe pia. Ilikuwa safi.

"Dawa gani, kaka?" Selestini alisema. "Baba yangu ni katekista."

Hata hivyo alikuwa muungwana wa aina yake. Akamwambia Maswa kutahitajika mtu wa kuangalia jenereta, mshahara si haba. Salvatory aliumeza uchungu wote akakubali, kwa sababu kazi ni kazi, na neno la Mayunga lilikuwa kazi tu. Siku ya pili yake alifika Ipililo.

Mayunga alimsikiliza akiwa amesimama. Salvatory alieleza kazi, mshahara, na habari ya mkaa na umeme kama alivyoisikia kwa Thomasi.

"Mkaa napikia ugali," mzee alijibu. "Haujawahi kumgeuza mtu ajifunge mwenyewe. Ile dawa imekukataa, baba, na dawa ikimkataa mtu humfuata mpaka ndani. Sitamlaza mjukuu wangu humo."

Salvatory aliapa, akataja kanisa, akarudia umeme. Mzee akaingia zizini. Jenifer alitoka na kata ya maji, mtoto mgongoni amemfunika kitenge mpaka kichwani. Salvatory akanyoosha mikono kupokea. Jenifer akaiweka kata chini, hatua mbili mbele yake, akarudi nyuma akisubiri. Salvatory akayanywa yote, akairudisha pale pale chini, na hakuna aliyeinama kuiokota.