Kwa Wenzetu Huulizwa Mara Moja

"Uzungu mimi nimeshaumaliza. Imebaki ndege tu!"

Hivyo ndivyo Kipriani Nduwayezu alivyowaaga vijana wa bodaboda pale stendi ya Kibondo, mguu mmoja ukiwa ndani ya basi la Kasulu na mwingine bado unatafuta washangiliaji.

"Utuletee wake wa Kijerumani!" mmoja akapaza sauti.

"Wako nitamtuma na mizigo. Akifika amepasuka usinidai!"

Wakacheka. Basi lilipoondoka, tabasamu likamdondoka lenyewe kama shati lililoanikwa bila kibanio. Ukweli ni kwamba kijana alikuwa amechoka. Mwaka wa pili huu alikuwa anajiandaa kwenda Ujerumani, kujitolea mwaka mzima katika nyumba ya kulea wazee kwa mpango wa kanisa, na kujiandaa kwenyewe kulikuwa kumemchosha kuliko shamba la muhogo la baba yake kule Murungu. Pasipoti, alama za vidole, chanjo, barua ya mwenyekiti wa kijiji, Kijerumani cha kujifunza kwenye simu, ambacho neno lake moja lilikuwa refu kiasi cha kumfanya apumzike katikati. Kila karatasi ilizaa karatasi nyingine. Na sasa nafasi ilikuwa moja, waliobaki wawili: yeye na msichana wa Kasulu aitwaye Immakulata. Kilichobaki kilikuwa siku moja ya mafunzo, kisha mkufunzi ataandika jina moja.

Alfajiri hiyo mama yake, Dorcas, alimwekea viazi mezani. Hakuvigusa. Basi halisubiri viazi.

Mkufunzi aliitwa Madam Maximilla. Aliishi karibu na chuo cha ualimu, na huko Ujerumani alikuwa amekaa miaka mitatu, akarudi na tabia ya kutazama saa. Aliwasimamisha wote wawili mlangoni kwake.

"Kuanzia kizingiti hiki kuingia ndani ni Ujerumani. Kitu nitawauliza mara moja tu, na jibu mtakalonipa ndilo nitakaloliamini. Mnajua kwa nini?"

"Bando ni ghali," Kipriani akajibu.

Immakulata akacheka. Madam hakucheka.

"Kwa sababu ya Bazilio. Tulimpeleka mwaka juzi. Mtoto mzuri, mchapakazi. Umekula? Niko sawa. Unasikia baridi? Niko sawa. Mwezi wa nne akaanguka kwenye ngazi, amemshika mkono bibi wa watu, wakaporomoka wote wawili. Daktari alipompima, damu imepungua. Alikuwa analala njaa, jikoni kumejaa, yeye anasubiri mtu ambembeleze. Kule hakuna wa kukubembeleza, wanangu. Hawana roho mbaya. Wanakuamini tu." Akainua karatasi moja juu. "Safari hii wametuandikia wazi: leteni mtu anayeweza kusema kilichomo mwilini mwake. Ni hicho tu nitakachokipima leo."

Kipriani alishukuru kimoyomoyo. Kumbe mtihani wenyewe ni wa mdomo! Na mdomo ndilo shamba pekee alilolima bila kulazimishwa.

Chai ikaja, na mkate uliopakwa siagi.

"Immakulata, mkate?"

"Ndiyo, Madam. Vipande viwili."

"Kipriani, mkate?"

"Hapana, asante, nimeshiba."

Alilisikia jibu likimtoka kama kikohozi. Akatulia, akasubiri. Kwao Murungu hapo ndipo ukarimu unapoanza: mwenye nyumba anasema, "Aa, umeshiba wapi, kula mwanangu." Mgeni anakataa tena, sauti ikiwa imepungua kidogo. Mara ya tatu anasukumiwa sahani kifuani, naye anakula akilalamika kwamba wanamwonea. Kipriani alishajiandaa kulalamika. Madam Maximilla akafunika mkate, akaurudisha jikoni.

Ugonjwa huo ulianzia kwa bibi yake. Bibi alivuka mpaka kutoka Burundi na sufuria moja kichwani, na sheria aliyowalea nayo ilikuwa fupi: "Mtu aliyekimbia akipokea chakula mara ya kwanza, watasema hakukimbia vita, alifuata ugali." Bibi alikufa akiwa Mtanzania kamili, mwenye kadi yake ya kupigia kura, na hakuwahi kupokea kitu mara ya kwanza, hata dawa. Sasa Kipriani ni huyu hapa, alizaliwa Kibondo, akasoma Kibondo, akafeli hesabu Kibondo, lakini mkate ukipita mbele yake anakuwa mkimbizi upya.

Ikafuata kazi. Immakulata akalala kitandani awe mzee wa Kijerumani, Kipriani amhamishie kwenye kiti, kisha amrudishe kitandani. Shika chini ya kwapa, piga goti, inua, geuza. Mara ya kwanza alifanya kwa mbwembwe. Mara ya nne akaegemea kitanda kwanza kabla ya kuinua.

"Umechoka?" Madam akauliza.

"Mimi? Ndiyo kwanza injini inapata moto."

"Vizuri. Mhamishe tena."

Mara ya saba Immakulata akamnong'oneza sikioni, "We Kipri, si useme umechoka? Mimi mwenyewe nimechoka kuhamishwa!"

"Nyamaza bibi, wewe ni mgonjwa."

"Jasho lako linanidondokea usoni."

"Hiyo dawa. Meza."

Zamu zikabadilishwa. Sasa Kipriani ndiye mzee, na huo ndio uzee pekee duniani alioufurahia, kwa kuwa alikuwa amelala. Immakulata akamwinua mara tatu, akasimama wima, akashika kiuno.

"Nimechoka, Madam."

"Kaa."

Akakaa. Basi. Kipriani alisubiri mbingu ianguke, au walau Madam akunje uso. Madam alikuwa anatazama saa yake.

Mchana ukaiva ugali wa muhogo na migebuka ya ziwani. Harufu yake iliingia chumbani kabla ya sahani. Kipriani, macho yakimwona Madam mmoja kuwa wawili, alikuwa anafanya mazoezi chinichini kwa lugha zote alizonazo, Kiswahili, Kirundi cha bibi na Kijerumani: ndiyo, ego, ja. Ndiyo, ego, ja. Safari hii hakosei.

"Kipriani, utakula?"

"Kidogo tu, Madam."

Akapewa kidogo. Tonge moja, lingeweza kupita kwenye tundu la kitasa, na mkia wa samaki. Aliutafuna mkia ule polepole mpaka akaujua kwa jina. Upande wa pili wa meza Immakulata alikuwa anaomba aongezewe mchuzi, na anaongezewa.

Saa kumi jioni Madam akaitoa ile karatasi, akavaa miwani.

"Maswali ya mwisho. Immakulata, leo ulisikia njaa? Ulichoka?"

"Njaa nilisikia saa tano, kabla ya chakula. Kuchoka, nimechoka mpaka sasa hivi. Mgongo unaniuma."

"Kipriani?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Neno moja tu. Lakini siku nzima alikuwa ameshasema hapana, na hapana ni kama kokwa la embe, ukishalimeza halirudi vizuri.

"Njaa sikusikia, Madam. Wala sijachoka."

Madam akavua miwani. "Nimeahidi kuamini, basi naamini. Kama mtu anashinda na mkia wa samaki, anainua watu mara tisa, na kweli yuko mzima, kule atafaa kuliko sote tuliowahi kwenda. Nendeni mkatembee kidogo. Nikifika steshenari kuituma karatasi hii ndipo nitaandika jina."

Nje, Immakulata alimpa mkono. "Hongera, kaka. Mimi na mgongo wangu tumeshajimaliza."

Kipriani akaagana naye kwa kichwa, akashika njia ya sokoni akikokota miguu ya mtu mwingine. Furaha ilikuwepo mahali fulani, lakini ilikuwa mbali, na chapati zilikuwa karibu.

Nyuma ya maduka palikuwa na mama wa Kikongo, Apoline, aliyeolewa Kasulu, na chungu chake cha maharage. Kipriani akakaa kwenye benchi, akaupa mgongo mtaa wote, kwa maana kwao mtu haonekani akitafuna barabarani. Alikula kwa utulivu wa kuchosha, kama mtu anayelipia kosa, akikunja chapati, akichovya, akimeza, akikunja nyingine. Machozi yalimtoka kidogo. Akasema moyoni ni pilipili.

"Kipriani."

Aligeuka na shavu moja limejaa. Madam Maximilla alikuwa amesimama hatua mbili kutoka benchi, bahasha mkononi, kalamu imebanwa kwenye kidole gumba. Steshenari ilikuwa mlango wa tatu kutoka pale.

"Una njaa?" akauliza. Aliuliza taratibu, na kwa mara ya kwanza siku ile yeye mwenyewe alionekana amechoka, kama mtu aliyeamua kuvunja sheria yake kwa ajili ya mtoto wa mwenzake.

Kipriani akameza. Akajifuta mchuzi kidevuni kwa kiganja. Neno alikuwa nalo, limekaa palepale ulimini, fupi, lisilo na uzito wowote.

"Hapana, Madam. Nilikuwa napita tu, nikaona nimuungishe mama wa watu."

"Kuniungisha?" Apoline akaweka mwiko chini, akashika kiuno. "Ee, mama, huyu kijana asikudanganye. Alifika hapa anaagiza kabla hajakaa, mimi ndiye nilimwambia apumue kwanza. Hiyo chapati iko ya sita. Na hayo maharage anayochovya ni ya ule baba pale, ameenda tu kunawa mikono."