Kaya Mia Tatu na Kumi na Mbili

Kwenye jedwali la injinia Meddy njia za reli zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikata mashamba ya wakimbizi wa Nakivale: fupi, daraja moja tu. Ya pili ilizunguka Endiinzi, kwenye malisho: kilomita kumi na nne zaidi, madaraja matatu. Treni ya mwendo kasi haipendi kona, Meddy alizoea kusema, na kila kona ina bei yake. Hata hivyo mwaka ule wa 2014, katika ofisi ya kukodi pale Kamukuzi, njia ndefu ndiyo iliyotoka rahisi, kwa sababu ile fupi ilikuwa na kaya mia tatu na kumi na mbili za kuhamisha.

Uwamahoro, mkalimani wa ofisi hiyo, ndiye aliyepewa kazi ya kuzinakili. Naye alijua idadi hiyo si kweli. Nyumba za pale alizijua moja moja, hazikufika mia. Lakini kambini, mtu akitokea na karatasi akiuliza majina, hakuna anayeuliza ni ya nini. Karatasi ni mahindi ya msaada, au ni safari ya Amerika. Siku ya kuhesabu walikuja hata wa vijiji vya mbali, watoto mgongoni, wakajipanga kando ya vigingi vya wapimaji. Mama yake mdogo, Mukamana, alitoa majina matatu: lake, la marehemu mumewe, na la dada aliyebaki kwao Uvira. Uwamahoro alitafsiri yote, macho chini.

"Mukalimani, leo uko kimya sana," Meddy alimtania ofisini. "Bwana harusi amekimbia?"

Akinyamaza, shamba la mama mdogo linapona. Wafugaji wa Endiinzi, ambao hawakujipanga popote, ndio wangehama.

"Injinia," alisema, "hesabu ya Nakivale si sawa. Watu walidhani ni posho."

Meddy alicheka, kisha akaacha. "Na wewe ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa."

"Ukatafsiri tu?"

"Nikatafsiri."

Walirudi wakahesabu mlango kwa mlango. Themanini na tisa. Njia fupi ikashinda. Kwenye fidia ya ardhi Meddy aliandika sifuri, maana ardhi ya kambi si mali ya mkimbizi. Yangelipwa mazao na nyumba tu.

Uwamahoro hakungoja habari ifike kwa vinywa vya watu. Alipanda boda akaenda mwenyewe. Mukamana alikuwa akipalilia maharagwe.

"Ni weye ulisema?"

"Ni mimi, mama."

"Batu bote banyamaze, weye useme!" Mukamana alitupa jembe chini. "Nikulelee fasi hii, jembe hili likusomeshe, halafu unitoshe mu shamba langu?"

Machozi yalimtoka Uwamahoro. Hakuondoka.

"Hiyo treni itakuja lini?" Mukamana aliuliza hatimaye.

"Hawajui. Feza haijapatikana. Pengine miaka mitano, pengine kumi."

"Na maharagwe, banalipa?"

"Kidogo. Migomba ndiyo banalipa feza nyingi."

Mukamana alipima shamba kwa macho, kigingi hadi kigingi. Hakumtazama Uwamahoro.

"Basi usisimame kama mulingoti. Okota jembe, tupande migomba. Shimo na shimo, hatua inne."