Kamera Inatumiwa na Programu Nyingine

Mume wangu hutengeneza meno ya bandia, na mimi nina wivu. Nayasema yote mawili kwa pamoja kwa sababu hayajawahi kuachana. Kila anayeingia kwenye karakana yake, yeye humshika kidevu, humwambia atabasamu, humwambia aume hapa, sasa aachie. Wanawake hutoka pale wanacheka. Haya, niambie, mke gani atakaa nyumbani ametulia huku mume wake analipwa kuwachekesha wanawake?

Kazi yangu mimi ni kuandika programu. Siku hizo nilikuwa na kibarua cha shamba la kuku: mayai yanapita kwenye mkanda, kamera inayatazama, programu inayatenga yenye ufa. Nyumbani sikuwa na mkanda wala kuku. Nilikuwa na kompyuta yangu ndogo, ile ya kukunja, na trei ya mayai. Kila asubuhi nilikaa mbele yake nikipitisha yai mbele ya kamera, kulia, kushoto, kulia, huku mume wangu anakunywa chai mlangoni.

"Leo limetabasamu?" alikuwa akiniuliza.

Programu niliitengeneza hivi: kitu kikipita mbele ya kamera, irekodi kipande cha video na kukihifadhi. Nikiridhika nilibonyeza kitufe cha kusimamisha, nikaiacha kompyuta wazi mezani, nikaenda shambani kufunga nyaya.

Jioni moja ikagoma. Niliiwasha kama kawaida, na badala ya sura yangu na yai, kwenye kioo yakatokea maneno: kamera inatumiwa na programu nyingine. Nikafunga kila dirisha lililokuwa wazi. Nikajaribu tena. Maneno yale yale. Na juu ya kioo, ubavuni mwa kamera, kitaa cha kijani kinawaka, hakina habari na mimi.

Fundi mwingine angetafuta kosa lake. Mimi nilitafuta mwanamke.

Sikuhitaji kwenda mbali. Kiti changu kilikuwa kimeshushwa, na mimi sikai chini hivyo. Mto wa kiti ulinukia sabuni ya mume wangu. Halafu nikakumbuka kwamba siku hizi anakuja nyumbani mchana, yeye ambaye miaka yote alikula kazini na wenzake. Nilipomuuliza alisema anapenda utulivu. Utulivu! Mtu anayeshinda na mashine ya kusaga meno masikioni, leo ndiyo kaugundua utulivu.

Akili yangu ikamkimbilia Mwanya. Mwanya ni dada wa mapokezi pale karakanani, jina lake halisi silijui na sijataka kulijua. Ana pengo katikati ya meno ya mbele ambalo wenye meno yao kamili tunalitazama kwa kijicho. Huniita wifi. Neno tamu, lakini mimi hulisikia linakwaruza. Nikajisemea, huyo ndiye. Mchana anapumzika, wanapigiana simu za video kwa kompyuta yangu, na bwana kasahau kufunga.

Nikaizima kompyuta, nikaiwasha upya. Kitaa kikazimika. Nikaendesha programu: yai likaonekana, safi kabisa. Ningepaswa kufurahi. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, nikaenda kwenye folda ya video kufuta za zamani, na hapo ndipo nilipomwona.

Video za mchana. Mume wangu, amekaa kwenye kiti changu, uso wote mbele ya kamera, anaongea.

Hazikuwa na sauti, lakini midomo nilikuwa naiona. Aliongea taratibu, akatingisha kichwa, akacheka kicheko kile cha puani ambacho nilidhani ni changu peke yangu. Akaweka mkono kifuani. Akabembeleza! Tangu lini ananibembeleza mimi? Mwishoni akajifuta macho kwa kiganja, akasema neno fupi, akaondoka. Niliirudia ile ya mwisho mpaka nikaanza kusoma midomo, na kila niliposoma nilisoma jina la mtu mwingine. Roho iliniuma nikahisi kama nimemeza mfupa. Usiku ule nilimpa mgongo, naye hakuuliza kwa nini.

Asubuhi sikwenda shambani. Nilikunja kompyuta, nikaitia kwapani, nikaenda karakanani.

Mwanya alisimama aliponiona. "Wifi, karibu. Mbona asubuhi asubuhi?"

"Nifuate," nikamwambia. "Na wewe yanakuhusu."

Mume wangu alikuwa kwenye meza yake ya nyuma, mikono myeupe kwa unga wa plasta, mbele yake safu ya meno yamepangwa yakitukenulia. Nikafungua kompyuta katikati ya meno. Nikaiweka video.

"Huyu ni wewe au si wewe?"

Akatazama. "Ni mimi."

"Unamchekea nani?"

Mwanya aliinama, akatazama na yeye. "Mbona haina sauti, wifi?"

Hapo nikapanda jukwaani. Nilitaka ajue anacheza na mtu wa aina gani. "Haina sauti kwa sababu hii si simu yenu. Hii imerekodiwa na programu yangu, na programu yangu inachukua picha tu, sauti ni kazi nyingine. Nilidhani nimeisimamisha, kumbe kile kitufe kilifunga dirisha tu, yenyewe ikabaki hai chini kwa chini, imeishika kamera kutwa nzima. Na kamera haina ushirika. Programu moja ikiishika, nyingine zote zinanyimwa, hata ufanye nini, hakuna mwingine anayeweza…"

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Kama kamera ilikuwa kwangu mchana wote, basi hapakuwa na simu ya video. Programu nyingine iliyonikatalia jioni ilikuwa ni yangu mwenyewe. Mume wangu alikuwa anaongea na kioo kilichozimika.

Mwanya alielewa kutokana na uso wangu, akatoka, akafunga mlango polepole. Hilo nalo liliniudhi.

"Ulikuwa unaongea na nani?" nikauliza, sauti yangu sasa ndogo.

"Na wewe."

Alivuta stuli akakaa. Akairudisha video mwanzo, na picha ilipoanza kusogea akaanza kuitilia sauti, mstari kwa mstari, kama mtu anayemsomea mgonjwa barua.

"Hapa nasema, mke wangu, nimepewa karakana mpya niisimamie, lakini ni mji mwingine. Hapa nasema, nataka twende wote. Hapa nacheka kwa sababu najua utauliza mapokezi atakaa nani." Picha yake ikaweka mkono kifuani. "Hapa nakuomba. Nasema nimechoka kunuswa shati. Nimechoka kueleza kila kicheko. Nilikuwa nakaa kwenye kiti chako ili nione utakavyolipokea jambo hili, na kila siku nilishindwa kumaliza."

Kwenye kioo alijifuta macho, akasema lile neno fupi, akainuka. Mume wangu wa kweli hakulitilia sauti.

"Hapo ulisema nini?"

"Hapo nilisema twende. Nilikuwa nimeamua nikuambie leo."

Furaha ilinipanda ghafla hadi nikaona aibu nayo. Nikamshika mkono, plasta na yote. "Basi tuondoke," nikasema. "Sitauliza kitu. Nakuapia, sitauliza tena kitu."

Akanitazama, na nadhani alikuwa karibu kuniamini. Nilihisi vidole vyake vinafunga kwenye vyangu. Kisha macho yake yakapanda juu ya kioo, yakabaki hapo.

Kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka. Programu niliyoijaribu jana yake baada ya kuwasha upya, niliisimamisha kwa kitufe kile kile. Ililala kompyuta ilipokunjwa, ikaamka nilipoifungua.

"Hata sasa unanirekodi?" akauliza.

"Nimesahau kuifunga."

Ulikuwa ukweli mtupu, ukweli safi kuliko yote niliyowahi kumwambia, na hakuuamini. Alichomoa mkono wake, akaupangusa kwenye aproni. Hakunifokea. Laiti angenifokea.

"Nenda nyumbani," alisema. "Nitapita kuchukua nguo."

Akatoka kwenda mapokezi. Nilibaki na meno yale, nikafungua programu nikaandika mstari uliokuwa umekosekana, ule unaoiamuru kamera iachiwe. Ni mstari mfupi, mwanafunzi anaujua. Kitaa kikazimika papo hapo.

Nje ya mlango nilimsikia Mwanya akimuuliza kwa sauti ya chini anaondoka lini. Akaanza kumjibu. Nikasogeza sikio mlangoni, nisije nikapitwa na siku yenyewe.