Mstatili Nyuma ya Jiko la Mama

...aliyeisimulia kwanza hadithi ya msitu wetu ni bibi, mama yake baba, mwaka nilioingia darasa la tano, tena baada ya mavuno, maana mguu ulikuwa umemvimba na alikuwa anashinda nasi nyumbani, kwa hiyo habari za msitu ule asinifundishe mtu, asinifundishe mdogo wangu, fundi pikipiki asiyekumbuka hata baba alifariki mwezi gani, ambaye sasa hivi ananiambia sikioni kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Msitu uko palepale, dada, uende wapi, una miguu?" kisha anacheka, na mimi simu nimeibana kwa bega, mkono uko kwenye kipanya, na mbele yangu kwenye kioo cha kompyuta uko huo msitu wenyewe, picha ya leo asubuhi, na nusu yake haipo. Nusu nzima. Upande wote unaotazama nyumba umenyolewa, udongo mwekundu uko wazi kama fizi za mtu aliyeng'olewa meno, na huyu anaendelea, "Juzi nimepita kule kutafuta mbuzi, giza tupu, mpaka nikaogopa," mwongo mkubwa we, mbuzi gani, giza gani, jua linawaka mpaka mizizini... Anadhani mimi naangalia ziwa. Ni kweli, miaka yote kwenye picha hizi nimeangalia ziwa, magugu yanavyosogea na maji yanavyorudi nyuma, lakini mwenzangu wa meza ya dirishani amekwenda kujifungua na mraba wake wa ramani nimepewa mimi kuanzia leo, na ndani ya mraba wake kumbe kuna kwetu, sikuomba, nimefungua tu kama mtu anayefungua mlango wa choo na kumkuta mwenzake humo. "Na chemchemi?" nimemwuliza, maana nataka aendelee, nataka nione uongo wake unafika wapi. "Inatoa, dada, inatoa vizuri tu, tunamshukuru Mungu." Inatoa! Itatoa mpaka lini, vijiji vitatu vinachota pale, nani amekwambia maji yanakaa chini ya jua kukusubiri wewe... "Uko kazini? Nikuache?" "Endelea tu, nakusikia." Anaendelea. Sasa ni habari za jirani aliyeezeka bati upya, na mimi nautazama mstari mwekundu niliouchora kuzunguka jeraha lile, nimeuchora vizuri, kona kwa kona, kama ninavyochora siku zote, na kwenye orodha ya maneno nimechagua *ukataji*, kimebaki kitufe cha kutuma, nikikibonyeza taarifa inakwenda kwa maofisa wa misitu, na hao kwenye vyanzo vya maji hawana mchezo, kesho watakuwa uani kwetu, na watakayemkuta wataondoka naye, na waondoke naye, wamfunge, akatengeneze pikipiki za magereza, mtu aliyezaliwa tukimsubiri kama mvua, akabebwa mgongoni na mimi, mgongoni kwangu, leo anakata msitu wa babu yake halafu anasema una miguu... "Dada, orodha ya leo vipi?" huyo si mdogo wangu, ni mkuu wa kitengo, amepita na kikombe chake cha chai. "Bado kidogo, mzee." "Hiyo bado kidogo yako naijua, saa sita naitaka mezani." Ataipata. Lini nimechelewesha? Katika ofisi hii watu wanachora mistari kama kuku amekanyaga wino, ni mimi tu ninayerudi nyuma kuhakiki, basi ngoja nirudi nyuma, nitafute lori lake, nimtume akiwa kamili, yeye na mnunuzi wake. Jana. Juzi. Siku iliyotangulia. Ndiyo kazi ya vidude hivi, visatelaiti vyenyewe havizidi boksi la viatu, vimepangana huko juu kama siafu, na kila asubuhi vinaipiga picha dunia yote, upende usipende, fundi wetu wa mitambo anaviita mashemeji, anasema havikosi siku kupita kuchungulia mmepika nini. Nabonyeza na miti inarudi, kundi kwa kundi, kilichokuwa chekundu kinakuwa kijani, lakini lori silioni. Lori najua linavyoonekana, vitone viwili vitatu vyeupe barabarani, na barabara ya kwetu ni nyembamba vilevile, haijapanuliwa, hakuna alama ya gari kugeuza. Mtu huwezi kumwona, hilo nalijua pia, kitone kimoja ni kikubwa kama chumba cha kulala, mtu humo ni vumbi, unaona kilichotendwa, aliyetenda humwoni, lakini hapa kuna haja gani ya kumwona, nyumba ile wanaishi wawili, yeye na mama, na mama magoti yake mabovu, hawezi kuinuka kitini bila kumtaja Mungu, "...kwa hiyo mama anasema usije mwezi huu, barabara imeharibika kweli," anasema mdogo wangu. Mama anasema? Mama ambaye kila mwisho wa mwezi ananiuliza kama nimeolewa na kazi... Sasa njia. Magogo yametoka wapi na kupita wapi? Hii hapa, mstari wa kahawia, umeshuka kutoka msituni, haukuzunguka kwa jirani, haukufuata kijia cha kisimani, umenyooka na kupita katikati ya bustani ya mama. Katikati. Ule mraba wa kijani unaobaki kijani hata kiangazi kwa sababu anaumwagilia maji ya kuoshea vyombo, umepasuliwa vipande viwili. Hapo nimeacha kubonyeza. Ng'ombe wa jirani aliingia bustani ile mara moja tu, mama akakaa na huyo jirani kanisani benchi moja miaka bila kumwamkia, na huyu huyu mdogo wangu alipokata kona na pikipiki juu ya mboga, mwanamume mzima na ndevu zake, alichapwa mwiko wa kichwa mbele ya mteja. Hakuna mtu aliye hai anayeweza kuburuta gogo juu ya mboga za mama bila mama kusimama pembeni na kumwonyesha: pitia hapa.

"Haloo? Dada?" "Nipo." "Nikadhani mtandao." Nipo, nipo wapi sijui, na ule mstatili je... Nyuma ya jiko. Nimeuona tangu mwanzo na nimeupita, nikasema ni banda la mbao la huyo mnunuzi, sasa nauvuta karibu. Haung'ai, kwa hiyo si bati. Picha hizi hupigwa muda mmoja kila asubuhi, jua liko upande uleule, vivuli vinalala upande uleule, unaweza kuvilinganisha kama urefu wa watoto ukutani, na kivuli cha mstatili huu ni kirefu kuliko kivuli cha nyumba. Narudi nyuma, unapungua. Naenda mbele, unakua. Siku kwa siku unakua, na haikutokea hata asubuhi moja ukawa mdogo kuliko jana yake, na mwenye kuuza hupunguza, mwenye kuchoma mkaa hupunguza, tena tungeona moshi. Huu haujapungua. Hakuna mnunuzi. Hakuna lori kwa sababu hakuna kilichokwenda popote. Ni kuni. Mama amejipangia kuni nyuma ya jiko lake, zimelipita paa, mwanamke anayepikia gesi, jiko la gesi nimemnunulia mwenyewe na mtungi unamkalia miezi, kuni zile hazimalizi yeye, hatuzimalizi sisi... na nyuma ya sauti ya mdogo wangu nasikia ile sauti nyingine, ya chini, kavu, "Mwambie nimelala," na huyu naye, mjinga wa watu, anasema, "Mama amelala, dada, ila anakusalimu." Amelala anakusalimu! Siku nyingine ningecheka. Bibi alicheka, bibi akiisimulia alicheka mpaka akashika ule mguu, jinsi babu alivyoona wenzake wanafyeka vilima vyote akasema huu wa kwangu hauguswi, kuna maji chini yake, asikate mtu, asiokote mtu, hata tawi lililoanguka lenyewe lioze palepale, na hapo ndipo alipokuwa anafika kwenye sehemu anayoipenda, mkamwana mgeni, wiki yake ya kwanza, kaokota tawi kavu, nene kama mkono hivi, achemshie mumewe maji ya kuoga. "Nikamwambia, mwali, lirudishe. Akataka kulitupia tu pale ukingoni. Nikasema hapana, lirudishe pale pale lilipokuwa limelala, na majirani wanaangalia! Akawa anazunguka nalo, anatafuta pahali pake, mimi namwambia siyo hapo, siyo hapo!" Sote tulicheka. Baba alicheka. Mama, ndiye mkamwana huyo, alikuwa mlangoni anachambua maharage, nakumbuka ungo, nakumbuka mikono yake ilisimama juu ya ungo na kisha ikaendelea, na mimi mwenye sifa ya kukumbuka kila kitu cha ukoo huu, nani kaoa nani, nani kazikwa wapi, nimeisimulia hadithi hiyo kama ilivyotoka mdomoni kwa bibi, hata hapa ofisini nimeisimulia mbele ya wageni, msitu wa familia, vizazi vitatu, wageni wakapiga makofi, na hakuna aliyeuliza kuni za nyumba ile zilitoka wapi. Zilitoka ng'ambo ya kilima. Nyuma ya kilima cha shule, kwenda alfajiri na kurudi jua la utosi, mzigo kichwani, huku msitu umesimama kwenye mlango wa jiko unamwangalia. Na mtoto wa pili, aliye kati yangu na huyu anayepiga soga za bati, ambaye kwa bibi hayumo kabisa, mama alimtaja mara moja, tunaosha vyombo, hakuinua kichwa, "Yule alinitoka darajani, nimebeba kuni," akanipa sahani niifute. Basi. Nikaifuta. Sasa mama ungesema! Ungegombana nao wakiwa hai, ungewatupia tawi lao miguuni, siyo ukae kimya maisha yako yote halafu hasira uzimalize kwenye miti, miti imekufanya nini, chemchemi imekufanya nini, watoto wa vijiji vitatu wanaotumwa maji wamekufanya nini... Lakini na wao! Babu mpenda maji, mbona hakubeba kuni yeye, ulinzi ni mtamu mzigo ukiwa kichwani kwa mwenzio, na bibi aliyetoka ng'ambo na mzigo uleule kabla yake akaona heri kumwachia mwenzake, na baba, baba yangu niliyemwombolezea mwaka mzima, alicheka, meno yote nje, nimeyaona. Nataka kumpigia simu mmoja wao nimfokee, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumpigia. "...bati la rangi ya bluu, dada, utadhani bahari," anasema mdogo wangu. Bluu, sawa. Mshale bado uko juu ya kitufe. Kwenye orodha ya maneno, chini ya *ukataji*, kuna neno jingine, *wingu*, ukiliweka hilo mraba wa leo unarukwa mpaka picha ya kesho, na anga la leo kwetu ni safi kama kioo, na mimi ndiye niliyemshitaki mwenzetu mmoja kwa mkuu kwa sababu aliweka wingu pasipo na wingu ili awahi kwenda nyumbani. Wingu ni la siku moja tu. Kesho mashemeji watapita tena, wataona, na mwenye kuchora mstari atauchora, awe mimi au mwingine, na lazima uchorwe, sitauficha, msitu umekatwa na nusu iliyobaki lazima ibaki. Lakini siku moja naweza kumpa, niende na basi la mchana, nimkute kabla ya wenye pingu, na sitaanza kwa shikamoo, nitasimama mbele ya rundo lile nigombane naye kwa sauti, agombane nami kwa sauti, aniambie la darajani mpaka mwisho, majirani wasikie, safari hii wasikie yote. Leo kwetu kuna wingu. Sijabonyeza, mkono uko palepale, simu iko palepale begani, shingo inaniuma, na huyu bado ananiuliza kama namsikia. Babu aliyekataza amekufa. Bibi aliyesimulia amekufa. Baba aliyecheka amekufa, na yule wa darajani alikufa kabla hajaitwa jina. Tulio hai ni mdogo wangu, aliyepewa shoka na kuambiwa asiseme, na mimi, na mama, ambaye hajalala, amesimama hapo karibu na simu, namsikia anavyopumua.