Sponji ya Helmeti

Mwalimu wa udereva alifika jioni, barabara zikiwa zimeanza kufurika magari, kuchukua kiti cha pikipiki yake kilichokuwa kimechanika. Mama Mapacha, fundi wa makochi, alikuwa anamalizia mshono wa mwisho.

"Mikono yako ina baraka, dada," alisema mwalimu akikipapasa kiti. Kisha macho yake yakatua mezani, kwenye mabonge mawili meupe ya povu gumu yaliyochomekwa sindano. "Haya umeyatoa wapi?"

"Moja lilikuwa ndani ya helmeti ya mume wangu. Gumu kama roho ya mwenye nyumba!" Mama Mapacha akacheka. "Kila jioni kichwa kinamuuma. Jumapili nikaling'oa, nikamwekea sponji ya kochi, ile ya daraja la kwanza, na velveti ya zambarau juu. Sasa anasema anavaa mto. Mrefu, mwenzake wa kiwandani, alipoiona naye akaleta yake."

Mwalimu hakucheka. Alikandamiza bonge moja kwa kidole gumba hadi likabonyea, na halikuinuka tena.

"Umeona? Likigongwa linapondeka, ili fuvu lisipondeke. Ndiyo kazi yake. Sponji yako ikigongwa inalala papo hapo, dada. Kichwa kimebaki na ganda tupu."

Mama Mapacha aliutupa mkasi mezani, akachukua simu.

Alimpigia mumewe. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena, huku akijua kwamba haitapokelewa, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyemwapisha mumewe siku walipoleta pikipiki nyumbani: ukiwa barabarani hupokei simu, hata nikipiga mimi. Na mumewe alikuwa mtu wa kushika neno lake.

"Nipeleke!" alimwambia mwalimu.

"Nikupeleke na nini? Kiti si hiki hapa? Subiri nikifunge."

Hakusubiri. Aliyakwapua mabonge yote mawili, sindano zikiwa humo humo, akakimbia kandambili zikimpiga visigino, hadi kwenye makutano yenye taa ambapo mumewe hupita kila siku.

Malori na mabasi yalikuwa yamebanana, na katikati yao pikipiki zilijipenyeza, vioo vikikaribia kukwaruza mabati. Kila kichwa kilichopita alikitazama ukingoni mwa helmeti, akitafuta velveti. Nyeusi. Nyekundu. Huyu hana kabisa. Siku zote alikuwa akiamini kwamba anayependa hakosei, hukosea asiyejali. Leo mapenzi yake mwenyewe yalikuwa yamevalishwa watu kichwani, yakiwa yameshonwa kwa uzi imara.

Ndipo akaiona zambarau, kati ya lori la kokoto na basi. Aliingia barabarani mikono juu.

"We mama! Umechoka kuishi?" alifoka dereva wa lori.

Pikipiki ilisimama hatua mbili mbele yake. "Mama Mapacha! Watoto wana nini?"

"Watoto wazima. Zima. Shuka, tusogee pembeni."

Pembeni alimweleza, maneno yakigongana mdomoni, akimwonyesha povu lililobonyea. Mumewe akavua helmeti, akaitazama ndani kana kwamba kuna nyoka, kisha akajaribu kutabasamu.

"Basi, mke wangu. Si nimefika mzima? Tutaisukuma hadi nyumbani." Tabasamu likamfia usoni. "Mrefu."

"Yuko wapi?"

"Ametangulia. Anamwahi mama yake kliniki. Alikuwa anajichomeka kwenye malori, nikamwambia taratibu, akajigonga helmeti: 'Na mto huu, bwana, hata nikianguka nitasinzia tu.'"

Taa ikawaka kijani. Hakuna gari lililosogea. Honi zilipigwa, kisha moja baada ya nyingine zikanyamaza. Huko mbele abiria walikuwa wanashuka kwenye mabasi, wakinyoosha shingo kutazama upande mmoja.

Mumewe alimpigia Mrefu. Iliita, ikakatika.

"Hapokei akiendesha," alisema haraka. "Tabia hiyo aliiga kwangu."

"Basi yuko njiani."

"Yuko njiani."

Walianza kuisukuma pikipiki kuelekea kule watu walikokuwa wanatazama, mume akishika usukani kwa mkono mmoja na simu, ikiwa kwenye spika, kwa mkono wa pili, akipiga tena na tena. Mama Mapacha alitembea nyuma yake, mabonge kifuani, sindano zikimchoma bila yeye kuzisikia. Kwa kila mlio aliomba kimoyomoyo: isipokelewe, ee Mungu, isipokelewe. Maadamu haipokelewi, Mrefu bado anaendesha.

Mara ya sita, mlio ulikatika katikati. Mumewe akasimama.

"Haloo," ilisema sauti ya mwanamke wasiyemjua, ikihema. "Mwenye simu hii ni nani wako?"